Kuvuka Mkokotoni kwenda Tumbatu: ngama imezibwa kwa saruji

Mie sina ugomvi na dau la tanga. Ugomvi wangu ni na nahodha aliyetuvusha kutoka Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, kwenda kisiwa cha Tumbatu: alipanga mifuko ya saruji juu ya ngama, kisha akakalisha watu juu ya mifuko. Ngama ndipo maji yote ya chombo yanapojikusanya, na ndipo unapotumbukizwa upo, kata ya kuyachotea na kuyamwaga nje. Ukiifunika, baharia hana pa kuchota. Maji yanapanda chini ya mizigo bila mtu kuyaona, chombo kinakuwa kizito na msukani hakiutii tena.

Na wala hayakuwa maji ya mawimbi. Abiria wa Jongowe, kijiji cha Tumbatu, walisema dau lile limelala mchangani juani siku nyingi. Mbao zikikauka hunywea, mianya ikafunguka, kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya, ikalegea. Pamba yake ilikuwa inaning'inia, nyeusi, unaivuta kwa vidole viwili! Dawa yake kila fundi anaijua: pamba mpya iliyorowa mafuta igongwe kwa patasi, chini papakwe deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, halafu chombo kikae majini mpaka mbao zivimbe. Hapo ndipo kipakie watu. Hili lilishushwa asubuhi, likapakiwa asubuhi hiyo hiyo.

Nikamwambia: "Nahodha, maji yamefika mfuko wa chini." Hakugeuka hata shingo: "Kaa kitako bi mkubwa, bahari haitaki maneno." Mbele ya kina mama waliopakata watoto! Tumeshazika watu wangapi jamani? Mwaka 2011 MV Spice Islander ilizama Nungwi kwa kupakia kupita kiasi, 2012 ikafuata MV Skagit karibu na Chumbe, na bado mtu anakasirika kuambiwa apunguze mifuko.

Nilitaka kuandika msipande dau la tanga kabisa. Lakini boti ya mashine nayo, ikizima mkondoni bila tanga wala kasia, inachukuliwa tu na maji. Na nahodha huyu huyu, haki isemwe, upepo wa kusi ulipokaza alilegeza demani, kamba ya tanga, papo hapo, chombo hakikulala, tukafika. Wallahi ni fundi wa tanga. Ila demani haizibi mwanya, na mie chombo chake sipandi mpaka nione kalafati mpya.

Mnaovuka, msianze na nauli. Chungulieni ngama: iwe wazi, na upo uwemo. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana na kupwa sana, yakipwa dau hukaa mbali, mtaliendea kwa miguu majini, basi pitisheni macho kwenye mbao za chini. Kisha muulizeni nahodha chombo kimeshushwa lini. Akisema leo, ngojeni kingine.