Lushoto haina kosa, mwongozaji ndiye aliyeniudhi

Hasira hii ninayo tangu vuli iliyopita, au ile ya kabla yake, sikumbuki vizuri. Nilidhani itapoa. Haijapoa.

Mlima wenyewe, huku Usambara, hauna kosa lolote. Unatoka Mombo jasho likikutiririka, gari linaanza kukata kona, na hamjafika Soni kwenye maporomoko tayari watu wanafunga vioo. Kondakta wetu alitangaza, "Mwenye kutapika aseme mapema." Gari zima likacheka. Mimi nilisema mapema.

Shida ni mwongozaji niliyempata mjini. Kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Tulikuwa wanne, Watanzania watupu, naye anatupigia Kiingereza. Tukamwambia, kaka, ongea Kiswahili tu. Akasema maelezo ameyazoea hivyo. Haya. Akatusimamisha mbele ya jengo la kale: hapa palikuwa msitu mtupu, wakaja Wajerumani, wakapaita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, na historia ya mji ikaanzia hapo.

Msitu mtupu! Bibi yangu mzaa mama ni wa Bumbuli. Nikamuuliza kwa upole, na Vuga je, makao ya wafalme wa Wasambaa? Na Wakilindi, ukoo wao wa kifalme? Akanitazama kuanzia viatuni. "Dada, hayo ni mambo ya wazee. Wageni hawaulizi hayo."

Basi na asome hapa. Krapf, yule mmisionari, ambaye ni Mjerumani huyo huyo anayempenda, alipanda milima hii mwaka 1848 akamkuta Kimweri ye Nyumbai ametawala Vuga, na utawala wake unafika mbali nje ya milima. Miaka mingi kabla ya hiyo Wilhelmstal! Lakini kwa kijana wetu, hata lile ua dogo la zambarau la Usambara lilianza siku lilipopewa jina la ofisa wa Kijerumani, Saintpaulia. Kabla ya hapo sijui lilikuwa linachanua wapi.

Aliyeniponya ni bibi mmoja muuza mapeasi sokoni. Nilimwamkia, akasikia lafudhi yangu ya Dar akacheka, kisha nilipomtaja bibi yangu akanisogezea kigoda. Mkononi ana kisu kidogo, anamenya peasi ganda moja refu lisilokatika, huku anasimulia habari za Mbegha, mfalme wa kwanza wa Wakilindi: mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, kigego, akatoka Ngulu na mbwa wake, akawaulia watu nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba, akagawa nyama bila uchoyo. Akamuua na simba, wakampa ufalme. Ganda likaanguka mzima mzima kwenye ungo. Mwongozaji wakati huo amesimama pembeni, anachezea simu, anakohoa tuondoke.

Nilishaamua kumpa nyota moja. Tatizo ni Irente. Pale ukingoni mwamba unakatika ghafla, chini kabisa Mazinde, nyika imelala hadi macho yanachoka, mashamba ya mkonge kama mkeka uliosukwa. Kwa mara ya kwanza siku ile kijana alinyamaza. Na mama yangu mdogo, magoti yake mabovu, alimshika mkono njia nzima, kwenda na kurudi, bila kuombwa. Kwa hiyo nyota mbili. Mama mdogo anasema nne, lakini yeye anampenda kila anayembebea mkoba.

Halafu jioni stendi, tumeshapanda, akaja dirishani. Kwa Kiswahili safi akaniuliza, "Dada, yule Mbegha, ni meno ya juu au ya chini yaliyotangulia?"

Kumbe alikuwa anasikiliza. Sikumjibu. Nilikuwa bado nimenuna, na dereva alishawasha gari.