Mashine ya juisi: ipi ununue Dar, na maneno gani ya muuzaji uyaache dukani

Chukua blenda yoyote kati ya zile zinazopangwa mpaka barazani kwenye maduka ya vyombo Kariakoo, usome namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa boksi. Wati 4500. Ya pembeni yake 6000. Zipo zinazodai 8500. Sasa piga hesabu. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230, na wati ni volti mara ampea, kwa hiyo wati 4500 zinataka ampea karibu 20. Plagi yetu ya miguu mitatu hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, yaani mwisho wake ni wati 3000 hivi. Kama boksi lingekuwa linasema kweli, blenda hiyo ingehitaji kuvutiwa waya wake peke yake ukutani, kama jiko kubwa la umeme.

Igeuze mashine juu chini usome kibandiko kidogo cha kwenye kitako. Namba ya pale, ikiwa ndogo kuliko ya boksi, ndiyo ya kuifuata. Kitako kikiwa hakina maandishi yoyote, rudisha mashine kwenye rafu, na usione haya mbele ya muuzaji.

Nimeanza na wati kwa kuwa ndizo zinazouza. Lakini kuna swali linalotangulia, na matangazo hayaliulizi: nyumbani kwako mnakunywa juisi ya nini? Kwa wengi wetu hapa mjini jibu ni embe, pasheni, nanasi, tikiti, parachichi, ukwaju, na machungwa ya Muheza msimu ukifika. Video za mashine za kukamua zinaonyesha tufaa, karoti na fungu la majani ya kijani, kwa sababu ziliandaliwa kwa ajili ya majiko ya kwingine. Embe na parachichi ni nyama tupu, hayaachii maji kirahisi. Ukiyatia kwenye mashine ya kukamua, chujio linaziba, na sehemu kubwa ya embe uliyoinunua inaishia kwenye chombo cha makapi. Ukwaju ndio kabisa: unalowekwa, unafikichwa, unachujwa, na mashine haihusiki.

Yanayosemwa dukani

"Wati nyingi, nguvu nyingi." Wati ni umeme ambao mashine inakula, haikuambii inafanya nini nao. Mashine ya kukamua polepole ina wati 150 hadi 250 tu na inakausha karoti kuliko ile ya kasi ya wati 800, kwa kuwa mota yake imepunguzwa mwendo kwa gia na nguvu yote inakwenda kwenye kusaga na kubana.

Hapohapo ujibu na hofu ya LUKU. Wati 800 kwa dakika tano hazifiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Ile ya polepole inakula kidogo lakini inachukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwisho wa siku zinalingana. Anayekuuzia mashine ghali kwa hoja ya kuokoa umeme muulize pasi yako inakula kiasi gani.

"Kasi inaua vitamini." Hii ndiyo hadithi kubwa ya mashine zenye maneno "cold press" (kukamua kwa baridi) kwenye boksi, na ndani yake kuna ukweli kidogo, ndiyo maana haifi. Mashine ya kasi, ile yenye chujio la duara linalozunguka, huenda mizunguko 6000 hadi 14,000 kwa dakika. Ya polepole, yenye parafujo nene, huenda 40 hadi 100. Tofauti hiyo ipo. Kilichoongezwa chumvi ni kwamba kasi hiyo inapika juisi. Juisi inapita kwenye chujio kwa sekunde chache na inatoka ikiwa imeongezeka joto kwa digrii chache tu. Nanasi lililoshinda juani juu ya toroli pale Buguruni mwezi wa Januari limeshapata joto kubwa kuliko hilo kabla hujalinunua. Vitamini C inapotea zaidi kwa kuchemsha na kwa kuiacha juisi ikae.

Kasi inafanya jambo jingine: inaingiza hewa. Ndiyo maana juisi yake ina povu, inajitenga upesi maji chini na nyama juu, na ya tufaa inageuka kahawia ukiiangalia. Ukiinywa palepale, hilo ni suala la macho zaidi. Na vile vimeng'enya "hai" vinavyotajwa kwenye matangazo ni protini; tumbo litavivunja kama linavyovunja protini ya maharage, viwe vimetoka kwenye mashine ya bei gani.

"Juisi yake inakaa saa 72." Mashine haiui vijidudu. Juisi za chupa za kukamuliwa kwa baridi zinazokaa wiki kadhaa kwenye maduka ya nje hupitishwa kiwandani kwenye shinikizo kubwa mno la maji baada ya kufungwa, na hakuna mashine ya jikoni yenye uwezo huo. Kwa joto la Dar, na umeme unaoweza kukatika ukiwa kazini, juisi ya nyumbani inywe siku hiyohiyo.

"Inasafisha sumu mwilini." Kazi hiyo inafanywa na ini na figo, bure. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linaihesabu sukari ya juisi ya matunda pamoja na sukari nyingine za kupunguza, na linataka zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, takribani gramu 50 kwa mtu mzima. Glasi moja ya juisi ya machungwa ina gramu 20 na ushee, na hapo bado hujatia kijiko cha sukari. Kila mashine ya kukamua, ya kasi au ya polepole, inaacha nyuzinyuzi nyingi kwenye makapi. Blenda inaziacha ndani, mpaka wewe mwenyewe uchuje.

Kwa wanaoamini kwamba bei inasema yenyewe, ipo habari ya kampuni ya Juicero ya Marekani. Mwaka 2016 ilitoa mashine ya kukamua vifuko vya matunda yaliyokatwa tayari, kwa dola 699, ikiwa imepata wawekezaji wa fedha nyingi sana. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walivishika vifuko vile wakavikamua kwa mikono, wakapata juisi karibu ileile. Septemba ya mwaka huo kampuni ikafunga.

Ya kwanza: blenda ya maana na chujio la nailoni

Kwa familia nyingi hapa mjini huu ndio ununuzi, na wengine wangeweza kuishia hapa. Tafuta wati 500 hadi 1000 za kweli, jagi la kioo kinene au plastiki nzito, kisu kinachofunguka ili uchafu usijifiche chini yake, na kitufe cha kupiga kidogokidogo. Kitufe hicho usikidharau. Pasheni inatakiwa kupigwa mara mbili tatu kwa sekunde moja moja, mbegu ziachie utomvu bila kupasuka. Ukiiacha blenda ingurume, mbegu zinasagika na juisi inakuwa na mchanga na uchungu.

Kwenye kibandiko cha kitako tafuta pia herufi KB zikifuatiwa na dakika, mfano "KB 2 min". Maana yake ni kwamba mota inaruhusiwa kufanya kazi dakika mbili mfululizo, kisha ipumzike. Blenda nyingi zinazoungua mwezi mtukufu, wakati wa kufuturisha watu ishirini, zinaungua kwa sababu ya mstari huo mmoja ambao hakuna aliyeusoma. Kama unataka kuuza juisi, hii ya nyumbani si saizi yako. Nenda kwenye blenda za biashara.

Jagi la kioo au la plastiki? Kioo hakishiki harufu ya tangawizi wala rangi ya karoti, ila kikianguka ndiyo basi. Chagua kulingana na nani anaosha vyombo. Maandishi ya "haina BPA", kemikali inayopatikana kwenye baadhi ya plastiki, ni jambo zuri, lakini kwa maji ya matunda ya baridi yasikufanye uongeze fedha nyingi.

Ya pili: kikamulio cha machungwa

Kile cha kusokota nusu ya chungwa juu ya kichwa chenye mifereji. Cha mkono kinatosha nyumba ya watu wawili. Cha umeme kina wati 25 hadi 40 tu na kinamaliza kilo kadhaa bila kelele. Machungwa hayapendi blenda: mbegu na ile ngozi nyeupe zikisagwa, uchungu unapanda. Usibane sana mwishoni, mafuta ya ganda yanaingia kwenye glasi. Blenda nzuri na kikamulio hiki kwa pamoja bado vitakuachia chenji nzuri ukilinganisha na mashine ya polepole yenye jina.

Ya tatu: mashine ya polepole

Ni mashine nzuri kweli, na ninaiweka ya tatu kwa sababu ya matunda yetu, si kwa ubaya wake. Kama kila asubuhi unakunywa karoti, bitiruti, tangawizi na majani, inunue na usijutie: makapi yanatoka makavu, kelele ni ndogo, povu hakuna. Zile za kulala hupenda majani zaidi ya zile za kusimama, maana majani marefu hayajisokoti kwenye parafujo. Ila majani yenyewe yachague. Kisamvu kibichi kina viini vinavyotoa sianidi, na ndiyo sababu bibi zetu walikitwanga na kukichemsha sana. Kisije kikaingia kwenye juisi ya kijani hata siku moja.

Gharama yake nyingine ni usafi. Kuna parafujo, chujio, bakuli, mfuniko, sili za mpira na chombo cha makapi. Kitufe cha "kujisafisha" kinasuuza tu. Matundu ya chujio yanataka brashi, na mara moja, kabla nyuzi hazijakauka. Nyumba ambayo maji ya bomba yanakuja kwa zamu na mnaosha kwa ndoo, fikiria vipande hivyo vyote kila siku ya Mungu. Mashine nyingi za aina hii zinaishia juu ya kabati kwa sababu hiyo tu, zikiwa nzima kabisa.

Na miwa usijaribu. Muwa unataka magurudumu ya chuma kama ya wauza juisi wa barabarani. Parafujo ya plastiki utaivunja.

Ya nne: mashine ya kasi yenye chujio la duara

Inafaa kwa mtu mwenye haraka anayekamua karoti, tufaa na nanasi, asiyejali kelele. Majani inayarusha pembeni karibu yalivyo. Ukiipata yenye mdomo mpana utapunguza kukatakata. Kwa bei inayokaribiana, blenda itakufanyia mengi zaidi.

Ya mwisho: kikombe cha kuchaji

Ni blenda ndogo ya betri, nzuri kwa ndizi na maziwa ofisini. Barafu, karoti na nanasi gumu vinaikwamisha, na betri ikichoka chombo kizima kinatupwa.

Ukiwa kaunta

Bei sitaziandika, kwa kuwa Kariakoo zinakwenda na dola, na mdomo wako. Ulizia maduka matatu kwanza. Maduka mengi wanakubali kukujaribishia: iwashwe bila kitu kwa sekunde kumi, usikilize kama inagonga au inatikisika, unuse kama kuna harufu ya kuungua. Shika waya. Mashine inayojisifu wati elfu na waya mwembamba kama wa chaja ya simu inajisema yenyewe. "Kopa tupu bosi", yaani mota imesukwa kwa shaba tupu, ni maneno. Koili iko ndani na wewe huioni, zingine zimesukwa kwa alumini.

Za mtumba zinahitaji jicho la pili. Za Uingereza zinatumia volti na plagi kama zetu. Za Japani ni volti 100, za Marekani 120. Ukizichomeka moja kwa moja ukutani zinaungua saa hiyohiyo, na transfoma ya kuzishusha inakula faida yote ya bei rahisi.

Kabla hujatoa fedha, ulizia spea: jagi, kisu, kile kikombe cha mpira kinachoshika kisu na mota, sili. Kwa blenda za kawaida utavipata vikining'inia kwenye maduka ya jirani, na fundi wa kusuka mota pale mtaani Gerezani anaijua. Kwa mashine ya polepole isiyo na jina, chujio likipasuka huna pa kwenda, hata kama mota ni nzima.

Dai risiti ya EFD, na modeli iandikwe humo pamoja na muda wa waranti, maana "blenda 1" haikutetei ukirudi wiki ijayo kukuta kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Ukigundua umeuziwa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa hizo, na kitu cha kwanza watakachokuomba ni karatasi hiyo.