Kasha la biri la kujitengenezea kwa hali ya hewa ya Dar: miezi 14 ya matumizi

Boksi la plastiki la lita 12 lenye mpira wa kuzibia na vibano vinne, mbao chache za sedrela, pakiti mbili za Boveda (za kusawazisha unyevu: hutoa au kufyonza hadi kiwango kilichoandikwa juu yake) na kipima unyevu kidogo cha kidijitali. Sina kingine ninachotumia kuhifadhi biri (sigara nene za majani ya tumbaku yaliyoviringishwa) kama 50. Kwa miezi 14 hapa Dar es Salaam kasha hili limenifaa kuliko lile la mbao la dukani, ambalo mfuniko wake ulivuja hewa tangu siku ya kwanza.

Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na hofu yao kubwa ni biri kukauka. Pwani ni kinyume. Unyevu wa nje mara nyingi unapita asilimia 75, kiwango ambacho ukungu hauchelewi kuota, na joto la ndani ya nyumba linafika nyuzi 30. Kasha letu kazi yake ni kuuzuia unyevu usiingie. Ile sponji ya maji inayosifiwa sana, ya kuongeza unyevu ndani ya kasha, huku iache kabisa.

Boksi lipime kabla ya kulilipia: weka karatasi ukingoni, funga vibano, vuta. Ikichomoka kirahisi, mpira haujakaa sawa upande huo. Rudia pande zote nne. Nyumbani lioshe kwa maji vuguvugu yenye bekingi soda, si sabuni ya manukato, uliache wazi juma zima. Kisha lifunge siku moja, ufungue unuse. Likiwa bado lina harufu ya plastiki, tafuta jingine, maana biri hufyonza kila harufu.

Mbao ni sedrela, Cedrela odorata, mti uleule unaotengenezewa maboksi ya biri Cuba. Kwetu uliletwa kupandwa, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umeenea hadi kuwa mti vamizi. Mwambie seremala akupasulie unene wa milimita 6, apige msasa laini, asipake vanishi. Na asikubadilishie kwa mtarakwa, ule wa penseli, eti nao unanukia. Mafuta yake ni makali na ladha ya tumbaku itapotea. Sedrela mbichi hutoa matone ya utomvu unaonata. Futa kwa spiriti, subiri siku mbili tatu. Gundi sikutumia wala misumari. Mbao zimelazwa chini na kuegemezwa ubavuni tu.

Kipima unyevu usikiamini kikiwa kipya. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga mbichi (isiyeyuke), weka pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa, kwa muda wa saa 12. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 71, basi kila nikisoma naongeza 4.

Pakiti ni za gramu 60, moja kwa kila biri 25, na nimechagua za unyevu wa asilimia 65. Za 72 zinafaa kasha la mbao linalovuja. Ndani ya plastiki biri huvimba, jani la nje likapasuka, na zinazimika ovyo. Wakati wa masika pakiti zangu hujaa hadi kututumka kwa sababu zinafyonza unyevu kila nifunguapo mfuniko. Siku hizo nafungulia chumba chenye kiyoyozi, mara moja kwa wiki, dakika mbili. Pakiti ikikauka ikawa ngumu kama biskuti, imekwisha.

Lililobaki ni joto, na hapo kasha hili halina uwezo wowote. Kuanzia nyuzi 24 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku (Lasioderma serricorne) huanguliwa, na mdudu huyo utamjua kwa matundu madogo kama ya pini kwenye biri. Mdudu mmoja anatosha kuharibu kasha zima. Kwa hiyo kila biri mpya, bila kujali muuzaji ameapa nini, naifunga mifuko miwili isiyopitisha hewa: siku moja kwenye friji, siku nne kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri, siku moja tena kwenye friji, ndipo inatoka. Ukiruka hatua ya friji, jani hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Ukitumia mfuko mmoja mwembamba, friza itaikausha.

Kasha lenyewe likae chini kabisa ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na kamwe si juu ya friji. Nikitengeneza jingine nitaliingiza zima ndani ya kuula boksi (boksi la kutunzia ubaridi), kwa sababu umeme ukikatika mchana wa Februari, plastiki peke yake hupata joto upesi.