Bunduki ya kwanza ya shamba huko Uingereza: ipi uanze nayo, ipi isubiri

Simu huanza hivyo hivyo kila mara. "Kaka, tajiri wangu kaniruhusu kuwinda shambani kwake. Nataka kununua bunduki, nishauri." Kabla sijakohoa, mwenzangu keshataja bunduki kubwa ya .308, maana ndiyo aliyoiona kwenye video. Mimi humuuliza maswali mawili tu: shamba linaliwa na nani, na nyuma ya huyo mnyama kuna nini? Hilo la pili ndilo humnyamazisha.

Naishi mpakani mwa Suffolk na Norfolk, kwenye ukanda uitwao Breckland, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika kazi za shamba. Tunalima ngano, shayiri na bitiruti ya sukari. Wanaoanza kula kabla yetu ni sungura, njiwa, kindi wa kijivu wanaobambua magome ya miti michanga, mbweha anayenyemelea kuku, na ayala. Ayala ni jina tunalolisikia kanisani kuliko porini, kwa hiyo nifafanue: huyu si swala wala kulungu wetu. Pembe zake humea na kudondoka kila mwaka. Uingereza ina aina 6, na kwetu tunasumbuliwa zaidi na watatu: muntijaki, mdogo kama mbwa wa kijijini, ambaye asili yake ni Asia na aliletwa hapa kwenye bustani za mabwanyenye; roe, mwenyeji wa miaka yote; na ayala mwekundu, ambaye dume lake huweza kupita kilo 150. Mbwamwitu walikwisha karne nyingi zilizopita. Mtu asipowapunguza, hakuna wa kuwapunguza.

Anayetoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hushangaa kusikia kwamba hapa mwajiriwa wa kawaida anaweza kumiliki raifo. Anaweza, ila si kwa kwenda dukani na pesa mkononi. Cheti hutolewa na polisi chini ya sheria ya mwaka 1968, na kila bunduki huandikwa humo moja moja, kwa kaliba yake, yaani kipenyo cha mtutu. Unaomba nafasi kwanza, unaeleza sababu na shamba, polisi wanaweza kwenda kulikagua, ndipo ununue. Utahitaji wadhamini 2 wanaokufahamu kwa angalau miaka 2, na taarifa kutoka kwa daktari wako. Kama umeishi nje ya nchi, tarajia maswali ya huko pia. Ada nayo ilipandishwa zaidi ya maradufu mwaka 2025. Kwa hiyo ukikosea kuchagua umepoteza pesa, na juu yake umepoteza miezi.

Bastola ziliondolewa mikononi mwa raia mwaka 1997, baada ya mauaji ya Dunblane. Raifo kubwa zinazojikoki zenyewe zilikatazwa mwaka 1988, baada ya yale ya Hungerford. Ndiyo maana karibu zote nitakazozitaja hapa ni za kukoki kwa mkono. Usisikitike. Zinakufundisha kupiga mara moja.

Orodha yangu nimeipanga kwa zamu ya kununua, si kwa ukubwa wala umaarufu.

Namba moja: .22

Hiyo namba ni kipenyo cha mtutu kwa inchi. Hii ndiyo bunduki ya sungura, na sungura ndio watakaokupa kazi siku nyingi kuliko mnyama mwingine yeyote. Tumia risasi ya greni 40, kama gramu 2.6, zile zinazokwenda polepole kuliko sauti, na ufunge kiwambo cha kuzuia sauti. Mlio wake unakuwa kama kofi hafifu. Sungura wa pembeni anainua masikio, anasikiliza kidogo, anaendelea kutafuna ngano. Risasi zake ni rahisi kuliko zote, hivyo utafanya mazoezi bila kuhesabu senti. Usivuke mita 60 au 70.

Ubaya wake ni mmoja, na ni mkubwa: risasi yake inadunda. Breckland ni mchanga uliojaa gumegume, jiwe lile lile lililoipa jina bunduki ya mababu. Mji wa Brandon ulio jirani yangu ulijulikana kwa kuchonga vijiwe vya bunduki za gumegume, kwanza vya jeshi la Uingereza, baadaye hata vya kuuza Afrika. Ni historia tamu ukiisimulia sebuleni. Shambani ni balaa.

Jioni moja ya Mei, katika mwaka wangu wa pili, nilimkosa sungura kwenye kona ya shamba. Risasi iligonga jiwe, ikalia wiiing juu ya miti, kuelekea upande wa nyumba za wafanyakazi. Hakuna aliyeumia. Nilifungua bunduki, nikatoa risasi zote, nikaenda kulitazama lile jiwe. Jeusi lenye ganda jeupe, na juu yake mstari wa kijivu, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Risasi ndogo namna hiyo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1. Tangu siku ile napiga nikiwa juu ya tuta au juu ya pikapu, mtutu ukiangalia chini, ili kitakachomkosa sungura kizame ardhini.

CZ ya Wacheki iliyotumika, ya .22, hupatikana kwa pauni 200 na kitu. Sioni sababu ya kununua mpya.

Namba mbili: .243

Kama cheti chako kitakuwa na raifo moja tu ya ayala, iwe hii. England na Wales, kwa ayala wakubwa, yaani roe, falo, sika na mwekundu, sheria inataka kaliba isiyopungua .240 na nguvu ya futi-pauni 1,700 mtutuni. Hii inapenya mlangoni kwa unywele, lakini inapenya. Kwa risasi nyepesi inamtosha mbweha, kwa risasi ya greni 100 inamwangusha ayala mwekundu. Teke lake ni dogo, na hilo si jambo la wanawake na watoto kama wanaume wa dukani wanavyopenda kudhani. Anayeogopa teke hufumba macho kabla ya risasi kutoka, na mnyama ndiye anayelipa.

Hapa Kiswahili kinatuchezea kidogo. Risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni madini. Siku hizi unatakiwa ujue kununua risasi isiyo na risasi. Serikali imetangaza kwamba madini hayo yataondolewa kwenye risasi kubwa za kuwindia kwa awamu, kwa sababu ni sumu kwa ndege, kwa udongo na kwa mlaji wa nyama. Mbadala wake ni shaba. Shaba ni nyepesi, hivyo risasi ya uzito ule ule inakuwa ndefu zaidi, na mitutu mingine ya .243 ya zamani haielewani na risasi ndefu: zinatawanyika kwenye karatasi kama mtama uliomwagika. Uskoti walilitambua tatizo hilo. Tangu mwaka 2023 uzito wa chini wa risasi kwa ayala wakubwa ulishushwa kutoka greni 100 hadi 80. Ukinunua .243 ya mkononi, omba kuijaribu kwa shaba kabla hujalipa.

Namba tatu: .308 au 6.5

Hapa sasa ndipo .308 ya rafiki yangu inapoingia. Ilitoka mwaka 1952, inauzwa kila duka, na risasi zake za shaba zinafanya kazi vizuri kwa sababu zina uzito wa kutosha tangu mwanzo. Kwa mtu wa Uskoti, anayewinda ayala mwekundu milimani kwenye upepo, ningeipandisha hadi namba mbili bila kubishana. Kwetu kwenye tambarare naona ni nguvu nyingi kuliko kazi.

Binafsi naipenda zaidi 6.5x55 ya Waswidi, ya tangu mwaka 1894; hizi za 6.5 hupimwa kwa milimita, si inchi. Ni mpole begani na haibabaishwi na upepo. Vijana wanakimbilia 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, na hawajakosea, kwani risasi zake ni rahisi kupatikana. Tofauti yao msituni, kwa mita 100, huwezi kuiona. Raifo ya Tikka ya Finland kwa kaliba yoyote kati ya hizi itadumu kuliko wewe.

Namba nne: .223

Hii ni nzuri sana kwa mbweha, na ni mtego wa wageni. England na Wales inaruhusiwa kwa muntijaki na ayala mdogo mwingine wa Kichina, basi. Kwa roe hairuhusiwi. Ukivuka mpaka kuingia Uskoti, roe yule yule, bunduki ile ile, ni halali. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa kujiamini kwamba .223 "ni ya roe", kumbe aliyemfundisha alikuwa Mskoti. Kama huna tatizo la mbweha, iruke.

Namba tano: .17 HMR

Ilitoka mwaka 2002. Risasi yake ya greni 17 inakimbia mno na kwa kawaida huvunjika inapogonga kitu, kwa hiyo haidundi kama .22. Kwa mashamba ya gumegume hilo si dogo, na wapo majirani zangu watakaonicheka kwa kuiweka mwisho. Lakini ina kelele, upepo kidogo unaipeperusha, inaharibu nyama ya sungura ukikosea kichwa, na risasi zake zina bei. Ikiwa unawapiga sungura mita 120 na hutaki kuwala, igeuze namba moja.

Bunduki ya upepo sijaipa namba kwa sababu ni darasa zaidi kuliko silaha. Chini ya futi-pauni 12, England na Wales haihitaji cheti kwa mtu mzima, ila Uskoti inahitaji tangu mwisho wa mwaka 2016. Panya wa ghalani wanaijua. Bunduki ya marisau nayo ni ya njiwa, ina cheti chake, na mada yake ni ndefu.

Kosa langu kubwa halikuwa kwenye bunduki. Nilinunua raifo nzuri, muuza duka akaniuzia darubini ya bei poa na vikamatio vyake, akavifunga mwenyewe akipiga soga. Nikaenda kwenye shabaha. Risasi ya kwanza kulia, ya pili juu, ya tatu sikuiona hata kwenye karatasi. Nilimaliza boksi zima nikijilaumu mkono, kumbe skrubu moja ilikuwa inacheza. Tangu hapo natenga kwa darubini pesa karibu sawa na za bunduki, na skrubu nakaza mwenyewe. Ayala anatoka alfajiri na magharibi, mwanga ukiwa haba, na kioo kibovu hukuonyesha kivuli tu. Tena England na Wales hapigwi ayala baada ya saa nzima kupita tangu jua kuzama, wala kabla ya saa nzima kubaki lichomoze. Roe dume msimu wake ni tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba, jike 1 Novemba hadi 31 Machi. Muntijaki hana msimu, maana huzaa mwaka mzima.

Ongeza kwenye bajeti kabati la chuma lililopigiliwa ukutani. Ufunguo ni wako peke yako. Mke wangu hajui ulipo, na polisi walipokuja kukagua ndilo walilomuuliza kwanza. Ongeza fimbo za kuegemeza mtutu, na kozi ya siku chache ya kumjua ayala na kumchuna. Kozi hiyo itakufundisha kusoma damu: ya waridi yenye povu ni mapafu, nenda, yenye ukijani ni tumbo, kaa chini usubiri. Rafiki yangu Mzanzibari huniuliza kila msimu kama nyama hii ni halali, na kila msimu namrudisha kwa sheikh wake.

Ukinunua ya mkononi, na ndivyo ninavyoshauri, tazama mdomo wa mtutu kwa tochi. Ukiona pengo au kutu pale, rudisha. Hakikisha una mikato ya kufungia kiwambo. Vuta na usukume kikokio mara kumi. Mabadilishano hufanyika ana kwa ana, muuzaji anaandika kwenye cheti chako, na polisi hupewa taarifa ndani ya siku 7.

Yule wa .308 alikuja kwangu mwezi uliopita. Tukatembea shamba lake lote: ekari nyingi, tambarare kama meza, barabara ya lami upande mmoja, njia ya waenda kwa miguu katikati. Tulipata sehemu mbili tu zenye mwinuko wa kupokea risasi kubwa. Ameomba nafasi ya .22. Juzi kaniuliza sungura anapikwaje, nikamwambia amchemshe kwanza, kisha tui zito, na pilipili asizionee haya.