Wodi ya kangaruu Mbeya: uzoefu wangu na mtoto njiti

Nianze na jibu, maana mwenye njiti wodini hana muda wa hadithi ndefu. Wodi ya kangaruu, ile ambayo mama anambeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, naipa alama zote. Chumba cha mashine kinafanya kazi yake, ila kinatisha, na hakuna anayekuandaa kabla hujaingia. Huduma ya kiroho inategemea ni nani amekufikia kitandani. Hospitali siitaji jina kwa sababu nina malalamiko huko mbele, na manesi walionikera ndio hao hao waliokesha na mwanangu.

Binti yetu alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,240, katikati ya Julai, wakati Mbeya hata mtu mzima analala na sweta. Bahati yetu, kituo tulichoanzia huko Rungwe walinichoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto mara walipoona uchungu umewahi, ndipo wakatupakia kwenye gari la wagonjwa kuja mjini. Anayechomwa ni mama, ila dawa inamfikia mtoto tumboni, na inasaidia zaidi ikipata kama siku nzima kabla ya kujifungua. Kwa hiyo uchungu ukianza miezi haijatimia, usikae nyumbani unakunywa mizizi ya kuutuliza. Nenda, na ukifika iulizie hiyo sindano.

Chumba cha mashine nakieleza kidogo ili usizimie mlangoni. Mtoto ana vimipira viwili puani vinavyosukuma hewa ili mapafu yasisinyae, manesi wanaita sipapu. Mrija mwembamba umepita hadi tumboni. Mguuni kuna waya unaosoma oksijeni. Kilichonimaliza mimi ni king'ora. Njiti husahau kupumua; ubongo haujakomaa, basi anatulia tu, namba kwenye kioo zinashuka, king'ora kinalia, wewe roho imekutoka. Nesi anakuja bila hata kukimbia, anamsugua unyayo kwa kidole, "Haya mama, pumua," na mama huyo wa kilo moja na ushei anapumua. Wanapewa na kafeini kwa ajili ya tatizo hilo hilo. Ndiyo, kafeini ya kwenye kahawa. Mume wangu aliposikia akasema kumbe Mbozi wanalima dawa.

Alipotulia tukahamia wodi ya kangaruu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anawekwa wima katikati ya matiti, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isizibe, miguu imekunjwa. Mnafungwa pamoja kwa kitambaa, upindo wa juu ukiishia chini ya sikio lake. Juu yake unavaa blauzi, kitenge, na kwa Julai yetu sweta la vifungo. Unakula naye, unatembea naye koridoni, unalala naye ukiwa umeegemea mito. Shirika la Afya Duniani linataka angalau saa 8 kwa siku, na ukiweza zote 24 sawa.

Mama mkwe hakupendezwa. Alidhani tumetolewa kwenye mashine kwa sababu hatuna hela. Na kweli jambo hili lilianza kwa uhaba: Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, Dkt. Edgar Rey alikuwa na vichanga wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Lakini mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo pamoja na Malawi, Ghana, Nigeria na India. Vichanga wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya 1.8 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake. Sista wa wodi alimweleza mama mkwe kwa kifupi zaidi: "Mama, umeme ukikatika mashine inapoa. Huyu binti yako hapoi." Umeme ulikatika mara nyingi tu, jenereta ikachelewa kuwaka, sisi tukaendelea kusinzia na watoto wetu.

Maziwa ni kazi ya pili, na ni kazi hasa. Kabla ya wiki ya 34 hivi, wengi hawajaweza kupangilia kunyonya, kumeza na kupumua, kwa hiyo unakamua kwa mkono na maziwa yanapitishwa kwenye mrija. Matone ya kwanza, yale ya njano, nesi aliyavuta kwa bomba la sindano pale pale kwenye chuchu lisipotee hata moja. Baada ya hapo ni kila saa tatu, usiku na mchana, kikombe mkononi, tumekaa kwenye benchi tunachekana. Aliyejaza kikombe tulimwita ng'ombe wa Rungwe. Uzito ukishuka siku za mwanzo usipagawe. Hushuka, na wengi huurudia ule wa kuzaliwa kama wiki ya pili.

Sasa imani. Mimi ni Mmoravian wa kuzaliwa, na wodini nilikuta wachungaji wa kila aina. Niliyemwelewa ni mchungaji wa hospitali, mzee wa maneno machache. Akiingia anavua saa, ananawa hadi kwenye viwiko, halafu anauliza, "Ameongezeka?" Akishajibiwa ndipo anaomba: "Bwana, leo tunaomba gramu 20. Amina." Nikadhani ni utani wa kizee. Baadaye daktari wa raundi akatueleza kwamba wanatarajia kama gramu 15 kwa kila kilo kwa siku, nikapiga hesabu ya wetu. Mzee alikuwa amesoma chati kabla ya kuomba.

Usiku maambukizi yalipompata, akabadilika rangi, tulimwita ambatize. Hakumwaga maji. Alimwomba nesi kichupa cha maji ya sindano, akakishika kwenye ngumi mpaka kikapata vuguvugu, akalowanisha pamba, akamgusa paji la uso mara tatu. Nesi akamfuta papo hapo asipoe. Hiyo ndiyo huduma ya kiroho ninayoweza kumshauri mtu aiombe: mtu wa Mungu anayejua kwamba njiti akilowa anashuka joto.

Wengine walinichosha. Kuna mtumishi alituletea chupa ya mafuta ya upako, mtoto apakwe mwili mzima na mrija utolewe, eti kumwacha nao ni kukiri udhaifu. Sista alikataa, na mimi nilikataa. Ngozi ya njiti ni nyembamba mno, chochote unachopaka kinaweza kupenya, na vijidudu navyo vinatafuta mlango. Mafuta nilijipaka mwenyewe miguuni. Yalikuwa na harufu nzuri, siyasemi vibaya. Akina mama wa kanisani kwetu walinuna walipozuiwa mlangoni, lakini wakapata akili nzuri kuliko ile ya kuingia: wakapanga zamu ya uji na maji ya moto. Kama kanisa lako linataka kukuombea, waambie waombe huku wamebeba chupa ya chai.

Lililoniuma zaidi ni sifa nilizopewa mtoto alipoanza kupona, kwamba imani yangu imemponya. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani, mama kutoka Chunya, alikuwa akiomba kuliko mimi. Tulisoma naye Zaburi ya 139, ule mstari wa macho yako yaliniona kabla sijakamilika, kwa Biblia yake, si yangu. Mwanawe alifariki. Anayeniletea habari za ukubwa wa imani yangu namwambia aende kwanza Chunya akamweleze yule mwenzangu. Mzee mchungaji alipofika siku ile hakusema chochote kuhusu mpango wa Mungu. Alikaa naye, akambebea mfuko wake hadi kwenye gari.

Malalamiko. Kina baba wanahesabiwa wageni: saa ya kuona wagonjwa, basi, toka. Mume wangu ni fundi magari, alikuwa anasugua kucha kwa brashi na sabuni ya unga mpaka grisi inaisha, afike aambiwe muda umekwisha. Kifua cha baba kina joto lile lile, na mama naye anahitaji kuoga na kulala. Sista mmoja wa zamu ya usiku ndiye aliyemruhusu ambebe, na siku hizo ndizo nilizolala kama binadamu. Huu ungekuwa utaratibu wa wodi, si hisani ya mtu mmoja. Pili, vikaratasi: nenda kanunue bomba, nenda kanunue glavu, saa nane ya usiku, kwenye baridi ile. Wangetoa makadirio mapema tujipange. Tatu, mama aliyefanyiwa upasuaji juzi kukalia kiti cha plastiki usiku kucha si sawa.

Ukiruhusiwa, usidhani kangaruu imeisha. Unaendelea nyumbani mpaka mtoto mwenyewe aanze kukataa kwa kujinyonganyonga. Chanjo zinahesabiwa kwa tarehe aliyozaliwa. Kukaa, kutambaa na kusimama unahesabu kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, na mashangazi wanaolinganisha watoto wapewe hesabu hiyo. Kipimo cha macho usikikose hata kama unamwona anakutazama, hasa aliyekaa kwenye oksijeni. Kwa waajiriwa, likizo ya uzazi ni siku 84, na zamani njiti alikuwa anazimaliza wodini. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea mama wa njiti muda, kwa hiyo peleka barua ya daktari kazini mapema.

Na ukiwa unafungasha kwenda huko: sweta la vifungo, chupa ya chai, soksi zako mwenyewe, chenji za duka la dawa. Kitambaa cha kangaruu wodi inatoa, ila ni kimoja, na mtoto akikichafua unabaki unasubiri kikauke. Cha pili shonesha sokoni Mwanjelwa, pamba inayovutika kidogo, na mwambie fundi asiweke kifungo wala zipu.