Diwani ya Mashairi ya Vita: Maoni ya Nesi wa Zamu ya Usiku

Nilinunua diwani hii kwa ajili ya shairi moja. Binti wa kaka yangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa fasihi ya Kiingereza, akanipigia simu usiku na kunisomea shairi la Wilfred Owen, mshairi Mwingereza aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza, kuhusu askari waliovamiwa na gesi ya sumu. Alipomaliza akauliza: "Shangazi, hivi kweli mtu anakufa hivyo, au mshairi katia chumvi?" Nimefanya unesi miaka 26, 11 kati ya hiyo kwenye wadi ya magonjwa ya kifua, na sehemu kubwa ilikuwa zamu ya usiku. Nikamwambia hajatia hata punje. Baada ya hapo usingizi ukaniruka, nikaanza kukitafuta kitabu chenyewe.

Kilichonifikia ni jalada gumu, kurasa 300 na ushei, mashairi ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mengi ni ya Waingereza, machache ya Wajerumani, Waaustria na Waitaliano yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza, pamoja na rekodi za sauti unazopakua kwa namba iliyobandikwa ndani ya jalada. Mchapishaji simtaji. Malalamiko yangu nimeshamwandikia mwenyewe, na sasa ni mwezi wa tatu hajajibu.

Nianze na shairi la gesi, maana ndilo lililonipeleka dukani. Jina lake ni la Kilatini, limechukuliwa kwa Horace, mshairi wa Roma aliyesema ni tamu na ni heshima kuifia nchi yako. Lakini Owen haanzi na nchi. Anaanza na miguu. Watu wametoka mstari wa mbele, wamejikunja kama vikongwe, wanakohoa, wengine wamepoteza viatu na wanachechemea na damu, wanatembea huku wamelala. Gesi inapokuja wote wanahangaika na barakoa zao, isipokuwa mmoja anayechelewa. Owen anamwona kupitia kioo cha barakoa yake mwenyewe, kila kitu kikiwa kijani, na anasema mtu yule alikuwa anazama kama aliye baharini.

Wasomaji wengine watasema hiyo ni tashbihi nzuri. Mimi ningeiandika hivyohivyo kwenye faili la mgonjwa. Klorini, ambayo Wajerumani waliifungulia kwa wingi karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, huunguza njia ya hewa, kisha mapafu yanajaa maji. Mtu anazama akiwa nchi kavu, kitandani, na wewe umesimama pembeni. Halafu Owen anaongeza kitu ambacho asiyekisikia kwa masikio yake hawezi kukitunga: sauti ya damu inayogugumia kutoka mapafuni kila gari lililombeba mgonjwa linaporuka shimo. Sauti ile ukiisikia mara moja, utaitambua hata ukiwa chumba cha pili umeipa mgongo.

Mhariri wa diwani amefanya jambo la akili hapa. Ukurasa unaotazamana na shairi hilo ameweka shairi la Jessie Pope, mwandishi wa Uingereza aliyekuwa akiwahimiza vijana kwenda vitani, akiifananisha vita na mchezo wa mpira. Rasimu ya Owen ilikuwa imeelekezwa kwake kwa jina, na yule "rafiki" anayesutwa kwenye beti ya mwisho, kwamba angeyaona haya asingewaambia watoto ule uongo wa zamani, alikuwa yeye kwanza. Sikulijua hilo. Ukizisoma kurasa hizo mbili pamoja unahisi kama umeingia chumba ambamo watu wamegombana sasa hivi.

Kinachonipendeza kwa Owen, na ndicho kipimo nilichokitumia kwa kitabu kizima, ni kwamba anakaa na mwili. Washairi wanaoruka haraka kwenda kwenye utukufu na bendera nawapita kama dawa iliyoisha muda. Rupert Brooke amewekwa mwanzoni, soneti zake (mashairi ya mistari 14) ni safi, zimepangika, na maiti ndani yake hainuki. Simlaumu sana. Alikufa tarehe 23 Aprili 1915 kabla hajafika kwenye uwanja wa vita wa Gallipoli, Uturuki, kwa sumu ya damu iliyoanzia kwenye kidonda cha kuumwa na mbu. Angeishi miaka mitatu zaidi pengine angeandika vingine.

Siegfried Sassoon ndiye aliyenikera, na kunikera kwake ni sifa. Ana shairi kuhusu ofisa anayempelekea mama mzee barua ya kifo cha mwanawe. Ofisa anamwambia mama kwamba kijana alikufa kishujaa. Akishatoka nje anakumbuka ukweli: kijana alikuwa mwoga, alipagawa handakini, alihangaika arudishwe nyumbani, na mwisho akalipuliwa vipande. Mama amebaki ndani na macho yanayong'aa kwa fahari. Nilikifunga kitabu nikakiweka. Nimewaambia ndugu wangapi, "Hakuteseka, alilala tu"? Sina hesabu. Sassoon hasemi kama ofisa alikosea au alipatia, anakuacha mlangoni na ile barua. Huyu ndiye aliyekuwa na nishani ya ushujaa na bado Julai 1917 akaandika tamko la kukataa kuendelea kupigana. Badala ya kumshtaki, wakubwa wakampeleka hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kama mgonjwa wa akili. Huko ndiko alikokutana na Owen, ambaye kweli alikuwa amevurugwa na mizinga.

Sasa nije kwa shairi ambalo kwangu lilizidi hata lile la gesi. Ni la Owen pia, kuhusu kijana asiye na miguu wala mikono kamili. Suti yake ya kijivu imeshonwa fupi kwenye kiwiko. Anakaa kwenye kiti cha magurudumu akisubiri giza, huku sauti za watoto wakicheza zikimfikia kutoka bustanini. Zamani alicheza mpira, na aliona fahari kuwa na mchirizi wa damu mguuni baada ya mechi wakati wenzake wamembeba mabegani. Alijiandikisha baada ya mechi kama hiyo, akiwa amekunywa, akadanganya umri, na waandikishaji wakauandika ule uongo huku wakitabasamu. Aliporudi, waliomshangilia hawakufika idadi ya wale wanaoshangilia goli. Mtu mmoja tu ndiye aliyemletea matunda akamshukuru, halafu akamuuliza habari za roho yake.

Yale matunda! Kila wadi ina mgeni wa aina hiyo. Anakuja na mfuko, anakaa ukingoni mwa kitanda, anauliza habari za roho wakati mgonjwa anataka kugeuzwa upande kwa sababu mgongo unamuuma. Owen alimwona mtu huyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, mimi nimemwona juzi.

Na mwisho wa shairi ndio ulioniumiza mimi binafsi. Kumekuwa baridi na usiku umeingia, na kijana anajiuliza mbona hawaji kumlaza kitandani. Anauliza mara mbili, basi. Wale anaowasubiri ni sisi. Nesi yuko wapi kwenye shairi hilo? Huenda ana wagonjwa 40 na mkono mmoja wa kumsaidia, huenda anakunywa chai. Nimekuwa nesi wa aina zote mbili. Sijawahi kusoma shairi ambalo mimi ni mtu asiyefika.

Kuhusu ufundi, msomaji aliyezoea vina na mizani zetu atapata jambo la kumshangaza kwa Owen. Katika mashairi kadhaa, hasa lile ambamo askari aliyekufa anakutana chini ya ardhi na adui ambaye yeye mwenyewe alimuua, anatumia vina ambavyo konsonanti zinafanana lakini irabu zinatofautiana. Ni kama mtu amalize mshororo mmoja kwa "pole" na unaofuata kwa "pili". Sikio linajiandaa kupokea kina, halipati, linakanyaga hewa. Mwanzoni nilidhani ni udhaifu wa mshairi. Baadaye nikaona kwamba kina kamili kingefariji, na pale hakuna wa kufarijiwa. Ana pia shairi la baridi ya handakini lenye kibwagizo kinachorudi kusema kwamba hakuna kinachotokea, huku watu wanaganda mmoja mmoja. Kibwagizo tulichozoea sisi huwaunganisha waimbaji. Hiki kinawachosha, na ndivyo kilivyokusudiwa.

Isaac Rosenberg alikuwa askari wa kawaida, si ofisa, na inaonekana. Anaandika chawa: wanaume uchi usiku, mshumaa umewashwa, wanasaka chawa kwenye mashati huku vivuli vyao vikiruka ukutani. Anaandika panya anayegusa mkono wa Mwingereza kisha anakwenda kugusa wa Mjerumani, hana upande. Na anaandika magurudumu ya gari la seng'enge yanayopita juu ya maiti hadi mifupa inavunjika, na majeruhi mmoja anayeyasikia yakija kwa mbali, anaomba yawahi. Yanafika uso wake ukiwa tayari umepoa. Rosenberg aliuawa tarehe 1 Aprili 1918, na Owen tarehe 4 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 25. Telegramu ya kifo cha Owen iliwafikia wazazi wake siku ya kusitisha vita, tarehe 11.

Sehemu ya lugha nyingine ni fupi mno, na hapo ndipo nilipoanza kugombana na kitabu. Georg Trakl wa Austria amepewa shairi moja na maelezo ya mistari mitatu. Maelezo hayo yanataja kwamba alikuwa mfamasia, basi! Hayasemi kwamba baada ya mapigano ya Grodek mwaka 1914 aliachiwa majeruhi wapatao 90 ghalani, peke yake, karibu bila dawa, wala kwamba alikufa Novemba mwaka huohuo katika hospitali ya kijeshi Kraków kwa kuzidisha kokeini. Ukilijua hilo, vile vinywa vilivyovunjika vinavyolalama ndani ya shairi unavisikia tofauti. Giuseppe Ungaretti, Mwitaliano aliyezaliwa Alexandria, Misri, ana bahati kidogo: lipo shairi lake la tarehe 23 Desemba 1915, la usiku mzima aliolala kando ya mwenzake aliyeuawa, mikono ya maiti imevimba, mdomo umekenua kuelekea mwezi, naye anaandika barua zilizojaa mapenzi. Mistari michache tu. Mikono iliyovimba imetosha.

Wanawake wamepewa kurasa nne. Mary Borden, aliyeendesha hospitali ya uwanja wa vita Ufaransa, ana shairi la matope ambalo lingestahili kuwa kati ya kitabu, limesukumwa nyuma baada ya faharasa ya picha.

Kuna pengo jingine. Mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling yumo na ule ubeti wake mfupi ambamo wafu wanasema walikufa kwa sababu baba zao walidanganya. Mwanawe John alipotea kwenye mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915, akiwa na miaka 18. Lakini huyohuyo Kipling ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa maneno yaliyo chini ya sanamu za askari na wapagazi zilizosimamishwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920, kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa wanao watalikumbuka jina lako. Jiwe hilo halina jina hata moja. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na diwani inayojiita ya vita vya dunia haina mstari kuwahusu, hata katika maelezo. Mhariri aliyejua kumkalisha Pope mkabala na Owen angeweza kuzikalisha hizi sauti mbili za Kipling pamoja.

Rekodi za sauti: msomaji ana sauti nzuri, na anaijua kwamba ni nzuri. Kati ya shairi na shairi wameweka kinanda, na kwenye shairi la gesi kinanda kinaanza kabla halijaisha, kwa upole, kama kwenye tangazo la bima. Nilitamani kumfinya mtu. Kwa bahati rekodi ya kijana wa kiti cha magurudumu wameisahau, haina muziki. Swali la mwisho linaulizwa, kisha kimya, kisha unasikia karatasi ikigeuzwa.

Herufi ni ndogo kwa macho yangu, picha za maua mekundu ni nyingi kupita kiasi, na gundi ya mgongo wa kitabu ni hafifu. Natoa nyota nne kati ya tano kwa sababu ya uteuzi wa Owen, Sassoon na Rosenberg. Ukiwa mwanafunzi, soma kwanza bila maelezo. Ukiwa unafanya kazi wodini, usikisome siku unayoingia zamu.

Binti wa kaka yangu alikiazima wiki mbili, akakirudisha ukurasa wa 117 ukiwa umechomoka, ule wa kijana anayesubiri kulazwa. Gundi sikuwa nayo. Nimeubandika kwa plasta ya vidonda, na mpaka leo umeshika.