ripgrep: ukikabidhiwa kodi ya programu usiyoijua, anza na hii

Kama unafanya kazi ya programu hii hali unaijua, umekabidhiwa projekti ina mafaili kibao, walioiandika wengi wameshahama, afu mahali fulani kuna mstari unaita fanksheni calculate_total na wewe unachotaka ni kujua tu hiyo calculate_total yenyewe imeandikwa faili gani, basi. Hapo ndo ripgrep inapoonyesha kazi yake na kwa maoni yangu kwa hatua ya kwanza kabisa hakuna zana nyingine inayoifikia.

Kwa asiyeijua, ni programu ya terminali ya kutafuta maneno ndani ya mafaili, komandi yake ni rg, ya Andrew Gallant, imeandikwa kwa lugha ya Rust na ilitoka 2016. Ni ya bure, kodi yake iko wazi, na inapiga kazi Linux, Windows na macOS. Hata kama hujawahi kuiinstoli inawezekana kabisa unaitumia kila siku, maana ukitafuta neno kwenye mafaili yote ndani ya VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, inayofanya hiyo kazi kwa nyuma ni ripgrep hiyo hiyo.

Watu wengi wanaisifia spidi, na kweli spidi ipo, inagawa kazi kwenye kori zote za prosesa na mafaili ya binari (yasiyo ya maandishi) inayaruka. Ila mi sababu yangu kubwa ni nyingine, ni kwamba haikuombi chochote kabla ya kukujibu. Angalia wenzake. Seva za lugha, zile zinazofanya ubonyeze F12 kwenye VS Code ukarukia mahali fanksheni ilipoandikwa, ni nzuri sana na zinaelewa kodi kuliko ripgrep itakavyowahi kuielewa, lakini clangd (seva ya C na C++) kwa mfano bila faili la compile_commands.json, linaloieleza kila faili linakompailiwa vipi, kwenye projekti kubwa ya C++ inakuwa inabahatisha, na ili ulipate hilo faili inabidi kwanza projekti ikubali kubildi au angalau kusetiwa tayari kwa kubildi, sasa projekti ngeni ambayo hata dipendensi zake (laibrari inazozitegemea) hujazijua utaibildi vipi siku ya kwanza? Ctags nayo, inayokuwekea orodha ya majina na mahali yalipo, inabidi utengeneze kwanza faili la tags, na kodi ikibadilika unalitengeneza upya, la sivyo inaweza kukupeleka mstari ambao siyo. ripgrep haina indeksi, yaani orodha iliyoandaliwa kabla, inasoma mafaili yalivyo sasa hivi kwenye diski, kodi iwe imevunjika, nusu yake haikompaili, iwe na lugha nne zimechanganywa, yenyewe inakujibu.

Sasa kuitumia vizuri kuna namna yake. Ukiandika tu rg calculate_total utamwagiwa kila mahali inapoitwa, na kwenye projekti kubwa huo ni mzigo. Unachotakiwa ni kutafuta umbo la mstari unaoandika fanksheni, na hilo linategemea lugha. Python ni rahisi, rg -w 'def calculate_total' na umemaliza (-w ni ya neno zima). Rust unatanguliza fn. Go ina kamtego kadogo kwasababu metodi (fanksheni iliyofungwa kwenye aina fulani ya data) ina mabano ya aina yake kabla ya jina, so unaandika rg 'func (\(.*\) )?CalculateTotal\(' ndo unapata vyote viwili, fanksheni za kawaida na metodi.

C ndo penyewe panapohitaji akili maana hakuna neno la kutangulia. Kinachosaidia ni mpangilio. Kodi inayofuata mtindo wa uandishi wa mradi wa GNU inaweka jina la fanksheni mwanzo kabisa wa mstari na aina ya jibu kwenye mstari wa juu yake, na hilo limefanywa makusudi ili utafutaji uwe rahisi, kwahiyo rg -w '^jina' inatosha. Kwenye kerneli (kiini) ya Linux vyote viko mstari mmoja, basi unatumia rg '^\w.*\bjina\(' yaani mistari inayoanza bila nafasi yoyote, kwasababu pale fanksheni inapoitwa huwa imesogezwa ndani, zinabaki zilizoandikwa na zile zinazotangazwa tu ambazo utazijua kwa nukta mkato mwishoni. Njia nyingine naipenda sana kwa kerneli ni rg 'EXPORT_SYMBOL.*\bjina\b', kwa desturi ule mstari unakaa chini kabisa ya mabano ya kufunga ya fanksheni yenyewe, ukiupata umefika, ila hii ni kwa zile fanksheni tu zilizotolewa zitumike na moduli, yaani vipande vya nyongeza vya kerneli.

JavaScript sitaisemea sana. Fanksheni inaweza kuandikwa kwa mitindo mingi mno, function, const, metodi ya klasi, kitu ndani ya objekti, na patani moja ya kuzidaka zote inakuwa ndefu hadi haina maana. Hapo nashauri tafuta jina tu, weka -g '!*.test.js' uondoe matesti, pitia kwa macho.

Mapungufu yapo na ni ya kweli. ripgrep inaona herufi, haioni maana. Mfano mzuri ni huo huo wa kerneli, ukitafuta sys_read unakuta imetangazwa kwenye include/linux/syscalls.h lakini mwili wake huuoni, kwasababu fs/read_write.c imeandika SYSCALL_DEFINE3(read, na jina kamili linaundwa na makro, yaani kifupi kinachopanuliwa kuwa kodi kabla ya kukompaili. Hakuna utafutaji wa herufi utakaokuonyesha hilo kama hujui kwamba hiyo makro ipo. Ruby nayo ikitumia define_method, inayounda metodi programu ikiwa inaranni, jina linaweza lisiwe limeandikwa popote, hapo acha kabisa kutafuta kwenye mafaili, iulize programu yenyewe ikiwa inaranni, objekti.method(:jina).source_location inakupa faili na namba ya mstari. Python kuna inspect.getsourcefile.

Na kuna hili moja naomba mtu alisome mara mbili maana linapotosha kimya kimya. Kwa kawaida ripgrep inafuata .gitignore (orodha ya mafaili ambayo Git inaambiwa isiyajali) na inaruka mafaili yaliyofichwa, na mara nyingi hiyo ni raha, lakini kwenye kodi ngeni fanksheni unayoitafuta inaweza ikawa imetoka kwenye laibrari iliyo ndani ya node_modules, folda la laibrari za JavaScript, au ikawa imezalishwa na protobuf, zana inayotengeneza kodi yenyewe, ikawekwa kwenye folda la build, na hayo yote kwa kawaida yamo kwenye .gitignore. Utapata jibu tupu, hakuna onyo wala nini, utaamini kabisa haipo. Kwahiyo kabla hujakata tamaa rudia na rg -uuu jina, hiyo inafungua kila kitu, vilivyozuiwa, vilivyofichwa na hata binari. Mi naona hapa programu ingetakiwa angalau iseme kuna mafolda imeyaruka pale inapokosa kitu kabisa, hili ndo lalamiko langu la msingi kwao.

Ikiwa hata -uuu haijaleta kitu basi labda fanksheni ilishafutwa au kubadilishwa jina na uliyonayo ni dokumenti ya zamani. Hapo hamia kwenye Git, inayotunza historia ya kodi, git log -S'calculate_total' inakuletea komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) zilizoongeza au kupunguza hilo neno, ya juu kabisa mara nyingi ndo iliyoifuta, ongeza -p uone imebadilishwa na nini.

Kwahiyo mi siwaambii muache seva za lugha, projekti ikishakubali kubildi F12 ni bora zaidi hasa pale majina yanapojirudia kwenye klasi kibao. Ila kwa zile saa za mwanzo ripgrep naipa tano kati ya tano hata na lile lalamiko. Kwenye Ubuntu na Debian paketi inaitwa ripgrep lakini komandi ni rg, na ukitaka msaada anza na rg -h ambayo ni fupi, maana rg --help inamwaga maelezo yote na ni marefu kweli.